Dakika Kumi na Moja Zilizokatwa

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti limetulia na macho ya shemeji yamepata nafuu. Sisi hatujambo, ila mke wangu anasema mimi na kalamu ni paka na maji.

Ile filamu yetu ya tarishi aliyekataa kufa imefufuka. Unakumbuka ilivyododa kwenye sinema. Kumbe kanda zake zilipita mkono kwa mkono, na sasa kuna watu wanaijua neno kwa neno, wengine huvaa kofia kama ya tarishi wakiitazama. Kampuni moja ndogo inaitoa kwenye diski, na wanunuzi wa siku hizi wanataka matoleo yote: lile la sinema, na lile refu kabla ya mkasi. Wakaniuliza mimi niliyeihariri kama kuna vipande vilivyobaki. Nikasema hakuna.

Wiki iliyopita fundi wao, mama mmoja mwenye macho ya mwewe, alikuja nyumbani kuchukua picha za zamani. Akaliona kopo la mkanda juu ya kabati. Kabla sijapata la kusema, alishaunyoosha mkanda kwenye mwanga wa dirisha.

Tuliutazama ofisini kwao, dakika kumi na moja. Ulikuwa wewe, ukiigiza mjane, unakunja mashati ya marehemu mumewe bila kusema neno. Ulipofikia shati la mwisho ukanusa kola, ukalikunjua tena. Fundi akaweka kalamu chini. Akauliza, “Nani alikuwa na moyo wa kumkata huyu?” Nikamjibu kwamba ni mwenye filamu.

Ndivyo nilivyokwambia na wewe, miaka thelathini na minne iliyopita, mlangoni pa sinema. Ulikuja na majirani safu nzima, na gauni ulilolishona mwenyewe. Mkakaa hadi taa zikawaka, na wewe umeonekana mgongo tu, ukifungua mlango. Uliniuliza kama ulicheza vibaya. Nikatazama viatu vyangu. Hukuigiza tena.

Dada, hakuna aliyeniagiza. Mwenye filamu alipoviona vipande vile alisema wewe hutakaa hapa, utaitwa mbali. Mama alikuwa kitandani. Wewe ndiye uliyemwogesha na kumlisha. Mimi nilijua kumsalimu nikiwa mlangoni tu. Nikaogopa kubaki naye peke yangu. Jumanne asubuhi nilikukata kwa mikono yangu, nikamwambia mwenye filamu kwamba dawa za kusafishia mkanda zimeviunguza. Kuvichoma nilishindwa. Hukucheza vibaya, Dada. Ulicheza vizuri mno, na mimi nililijua hilo kabla ya mtu yeyote.

Jana nilirudi kwa fundi nikamweleza yote. Hakunitukana, alinifungulia mlango tu nitoke. Diski itakuwa na matoleo yote mawili, lakini hawataitoa bila idhini yako. Wanataka pia uzungumze mbele ya kamera, useme mjane yule ulimtoa wapi. Mimi waliniomba nisimulie nilivyoihariri. Nimesema nitasimulia, na hili nitalitaja, ila wewe ulisikie kwanza.

Namba ya simu ya fundi iko nyuma ya karatasi hii. Mimi usiponijibu sitakulaumu. Yeye mjibu, tafadhali. Anakungoja.

Msalimie shemeji, na watoto wote uwabusu kwa niaba yangu.

Wako niliyekukosea,
Mdogo wako