Anataka Kuifungia Bunduki Breki, na Mimi Nilisema Nimejikwaa

Dada Haika mpendwa,

Sasa hivi kifuniko cha sufuria kimeniponyoka kikaanguka sakafuni, na mtoto wangu Shekinah, ana miaka minne, ameacha midoli yake akakimbia kuniziba masikio, masikio yangu mimi, si yake, kwa mikono yenye siagi ya karanga, akaniambia "okay, Mama, okay," maana Kiswahili anakisikia vizuri lakini kujibu ni Kiingereza tu, na mimi nimecheka halafu nikageuka asinione machozi, ndiyo maana nakuandikia unisaidie, na unisamehe mwandiko, shule yangu ilikomea darasa la tano kule kambi ya wakimbizi Nyarugusu.

Mume wangu Bahizire ni mtu mzuri, Dada. Wiki nzima anasafisha maofisi kule Eden Prairie, pembeni ya Minneapolis, na hakuna anayejua jina lake, wanamwita "badi", yaani rafiki kwa Kiingereza chao. Lakini Jumamosi tunaenda Anoka kwa mzee Alfred, mzungu mmoja mjane wa kanisani kwetu, ametupa kipande cha shamba bure, tumepanda maharagi, mahindi na mboga ya lengalenga, na huko Bahizire anatembea kama mtu aliye kwake. Bon, shida ni wale panya wakubwa wa mashimo, wanene kama paka aliyeshiba, wanakata maharagi yakiwa bado machanga. Mzee ana bunduki ya risasi ndogo ya kuwapiga hao, anamwazima Bahizire wakiwa pamoja, na Bahizire anafurahi, ila analalamika kwamba akifyatua mdomo wa bunduki unaruka na kwenye darubini hamwoni tena mnyama, hajui amempata au amemkosa, basi anapiga tena na tena.

Ndipo akaja Paul, mkwe wa mzee, na bunduki ya kwake ina kichuma chenye matundu mdomoni, wanakiita breki, kinazuia ule mruko. Bahizire akaijaribu, akacheka, "Mama Shekinah, umeona? Imetulia kama mbuzi aliyefungwa!" Dada, mimi sikuona kitu. Nilikuwa nimesimama pembeni yake na mtoto, hatua kumi hivi, na ule mlio haukuwa kama wa bunduki ya mzee, ulinipiga usoni na kifuani, na nilipojitambua nilikuwa chini kwenye majani nimemlalia Shekinah, udongo mdomoni, kama siku ile tulipokimbia vita kwetu Fizi, nilikuwa na miaka tisa na mama yangu alinilalia hivyo hivyo. Bahizire akaiweka bunduki chini akaja mbio, "Umekuwa nini?" Nikasema nimejikwaa.

Tangu siku hiyo kitu kikianguka mtoto ananiziba masikio. Baba yake aliuliza amejifunza wapi, nikasema shuleni. Kwa hiyo nimedanganya mara mbili.

Na Jumamosi hii bunduki ya mzee inapelekwa kwa fundi ikafungwe breki. Nikimuuliza kuna haja gani ananitania, "Hata gari yetu mbovu ina breki, bunduki ikose?" Anasema akimpata mnyama kwa risasi moja makelele yatapungua, anafanya kwa ajili yangu, anajua sipendi makelele ila hajui kiasi gani. Naomba uniambie ukweli, hiyo breki ina faida kwa bunduki ndogo vile? Labda yetu itakuwa na sauti ya chini kuliko ya Paul? Mimi bado nina matumaini, maharagi mwaka huu yameota vizuri, lakini nikisema ukweli naogopa ataacha kwenda Anoka kwa sababu yangu na atabaki kuwa badi siku zote saba, na kuliko vyote naogopa akijua kwamba siku ile sikujikwaa, ata... Dada, huyo ananiita mlangoni, natuma hivi hivi, nisije

*

Mama Shekinah, mdogo wangu,

Umepiga hodi mlango wenyewe. Safu hii naandika mara moja kwa wiki; siku nyingine napima masikio katika kliniki hapa Minneapolis, na nusu ya wanaume wanaokalia kiti changu ni wawindaji wanaosema "ee?" kila nikiwauliza jina.

Tuanze na breki. Haipunguzi sauti hata kidogo. Inautupa pembeni ule mvuke wa baruti uliokuwa uende mbele. Ndiyo maana bunduki inatulia, na ndiyo maana wewe wa pembeni ulipigwa usoni. Kwa bunduki kubwa yenye teke la kuumiza bega, mtu anaweza kuvumilia hasara hiyo. Kwa ndogo kama ya mzee, teke lenyewe liko wapi? Mumeo hasemi bega linauma, anasema hamwoni mnyama. Hapo breki ingemsaidia, sitaficha. Lakini amwone panya halafu asimsikie mwanawe akimwita? Hapana. Aiegemeze bunduki kwenye mfuko wa mchanga, apunguze ukubwa wa picha kwenye darubini ili aone eneo pana, afyatue bila haraka. Na mzungushie maharagi wavu wa waya, sehemu yake izikwe chini futi moja, maana hao wanachimba. Waya haupigi kelele.

Sasa nikugombeze. Mtoto wa miaka minne alifanya nini hatua kumi kutoka kwenye bunduki, masikio wazi? Usirudie. Wanaume wakipiga, wewe na Shekinah muwe mbali kabisa, na hao wanaopiga wavae vizibo ndani ya masikio na vifuniko juu yake. Jumanne niletee mtoto nimpime. Na wewe utakaa na mwenzangu Euphrasie, mama wa Bukavu anayewasikiliza watu waliokimbia vita. Kuanguka vile si aibu wala si wazimu, ni mwili unakumbuka. Nitakushika mkono hadi mlangoni kwake.

Lakini usingoje Jumanne. Ijumaa, kabla bunduki haijaenda kwa fundi, mwambie mumeo. Unataka kumlinda asipoteze shamba, naye anatafuta breki ili akulinde na makelele, na anayejua ukweli nyumbani humo ni mtoto peke yake, anawauguza kwa mikono ya siagi. Mzigo huo si wake.

Usitafute maneno mengi. Sema, "Siku ile sikujikwaa." Kisha nyamaza. Ile sentensi yako ilikatikia kwenye "ata". Najua umeimalizia kichwani mara nyingi, na kila mara umemweka hapo mwanamume usiyemfahamu. Yule unayemfahamu aliiweka bunduki chini akaja mbio. Mwachie huyo aimalizie.