Gari Lajipigia Honi, Baba Mkwe Aitwa Mchawi

Bi Mwanatatu, shikamoo. Kabla hujanigombeza nakuomba unisome mpaka mwisho, maana haya ninayokuandikia sijamwambia mtu, si dada yangu wala mchungaji wangu, na nikiendelea kukaa nayo moyoni naona nitapasuka.

Mimi ni mke wa mtu, tunakaa Port Reitz, mume wangu nitamwita Nzai, anafanya kazi uwanja wa ndege, tuna mtoto mmoja, Velma, na tangu mwaka jana tunakaa na baba yake Nzai, mzee Kai, tulimleta kutoka Kaloleni kwa sababu macho yanamwishia na kliniki iko karibu nasi, na wallahi ingawa mimi ni Mkristo naapa hivyo hivyo, sijapata kuona mkwe mpole kama yule, chumvi ikizidi kwenye mchuzi anasema leo umekolea, na nikinyamaza hunijua nina jambo hata kama uso wangu hauoni.

Mwaka huu Nzai akanunua gari kwenye yadi moja ya kuuzia magari ya huku, si jipya lakini kwetu ni jipya, akalipenda mpaka tukawa tunamcheka, analifunika turubai na kulipangusa kabla hajanywa chai, na mimi nina leseni lakini akaniambia niliendeshe yeye akiwa kando yangu, peke yangu hapana. Basi kazini wakampeleka Nairobi kwa mafunzo, Velma alikuwa kwa mama yangu, na wikendi hiyo dada yangu Selpher aliyeolewa Shika Adabu, ng'ambo ya feri, alikuwa na sherehe ya ubatizo wa mtoto wake. Mimi nikabaki nikizunguka ndani kwa huzuni, vyombo nakosha mara mbili, mpaka baba mkwe akaniuliza nina nini, nikamwambia, akacheka akasema, "Sasa mwanangu, gari si liko? Nenda ukacheze na nduguzo. Nzai akipiga simu nitamwambia umekwenda sokoni." Akanyanyuka mwenyewe akipapasa ukuta mpaka getini, akanifungulia.

Kule kwa Selpher spika walizokodi hazikuja, wakaniambia nifungue milango ya gari nitie redio, na likapiga muziki tangu adhuhuri injini imezimwa, na mimi nikicheza kuliko mwenye sherehe, na jioni nilipotaka kuondoka gari likawa limekufa, halitoi hata mlio. Jirani akaliamsha kwa nyaya za gari lake, nikavuka feri roho iko mkononi, asubuhi nikalipeleka palepale yadi lilikonunuliwa, maana wana gereji yao nyuma. Fundi wao, Clifford, akasema betri imekwisha, wakanitilia nyingine waliyokuwa nayo. Betri ya gari hili hukaa nyuma, chini ya zulia la buti, na hiyo waliyoitia ilikuwa ndogo kidogo kwa nafasi yake. Clifford akanionyesha, akasema, "Mama, hii nimeishikiza tu. Huu waya unaofungwa kwenye bodi haukazi vizuri, na kompyuta ya gari bado hatujaipanga upya. Vibanio vyake vikija wiki ijayo ulirudishe, usipolirudisha umeme utakusumbua." Nikaitika ndiyo, ndiyo, lakini kesho yake Nzai alikuwa anarudi, ningelitoaje tena? Nikalaza zulia, nikarudisha turubai, nikanyamaza.

Nzai aliporudi furaha imemjaa akakumbuka kwamba gari halijabarikiwa, akamwomba baba alibariki. Kwetu mzee hubariki kwa maji, huyatia mdomoni akayapuliza juu ya kile kitu huku akinena maneno ya heri, na baba akafanya hivyo, akalipulizia gari mbele, akawataja babu zake mmoja mmoja, akaomba gari lichukue maharusi na wagonjwa na lirudi salama. Hata yale maji hayajakauka Nzai akaliwasha, na honi ikaanza kulia yenyewe, ikalia mpaka alipozima. Siku hiyo tulicheka, baba akacheka kuliko sote.

Baadaye hatukucheka tena, maana vioo vikawa vinashuka nusu na kukwama, taa zinafifia na kuwaka, na usiku king'ora kinalia majirani wanachungulia. Nzai akaleta fundi wa mtaani, akapima umeme pale mbele kwenye injini, ambako nyaya za betri hufika, akasema betri ni nzima kabisa, fyuzi ni nzima, yeye haoni kitu, na hakuna aliyefunua zulia la buti kwa sababu hakuna aliyejua kuna la kutazama, na aliyekuwa anajua, ambaye ni mimi, alikuwa jikoni anawatengenezea chai.

Kisha ikaja siku ya kliniki, baba na Velma wamekaa nyuma, tukafika mzunguko wa Changamwe katikati ya malori ya makontena na gari likazimika ghafla, milango ikajifunga, vioo vikagoma, taa zote za dashibodi zinamulika, na lori lililokuwa nyuma yetu likafunga breki likasimama karibu kabisa na buti, na Velma analia babu, babu, na baba amemkumbatia anaomba kwa Kigiriama. Watu wakatusukuma mpaka pembeni. Jioni Nzai akaniuliza, "Ulisikia baba alivyokuwa akisema mle ndani? Yale maneno ulisikia?" Nikasema sikusikia. Bi Mwanatatu, nilisikia, mzee alikuwa anaomba Mungu amchukue yeye amwache mtoto.

Nzai akamwita kaka yake Nguma kutoka kwao Kaloleni, wakakaa kikao, na Nguma akasema tangu mzee apulize yale maji gari halijawa gari, na nywele zake nyeupe na macho yake mekundu, ambayo ni maradhi na daktari ametuambia ni maradhi, vikageuka ushahidi. Nzai mwanzo alibisha, sasa habishi. Velma amekatazwa kumshika babu yake mkono. Chakula cha mzee kinapelekwa barazani, na anakula peke yake, na akimaliza anashukuru kwa sauti hata kama hakuna mtu. Mwisho wa mwezi huu wanampeleka bara kwa mganga akale kiapo cha shoka, linatiwa motoni mpaka liwe jekundu kisha linapitishwa viganjani, anayeungua ndiye mwenye makosa.

Kwenye kile kikao Nguma aliuliza kama gari lilitoka hapa nyumbani Nzai alipokuwa Nairobi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe. Baba akageuza uso upande wangu, kisha akasema, "Mimi sioni, wanangu. Sijui." Nikamshukuru Mungu kwamba uzee umemsahaulisha. Na walipomuuliza kama atakubali kiapo hakubishana, akasema tu, "Nipelekeni. Mkono ni wangu."

Sasa nimewaza hivi, Nzai akiwa kazini nilichukue gari kwa siri nilipeleke yadi, Clifford akaze ule waya na kupanga hiyo kompyuta, gari lipone, na gari likipona si maneno yataisha yenyewe na kila mtu akabaki na heshima yake? Kwa sababu nikisema ukweli Nzai ataniacha, alishaniambia zamani kwamba anaweza kuvumilia vyote kwa mke isipokuwa uongo, na mimi sina pa kwenda. Hata usingizi sipati. Nishauri mama yangu, na tafadhali ubadilishe majina.

Ni mimi niliyenyamaza,
Port Reitz.

BI MWANATATU ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, kisha nikaweka barua kando nikaenda kunywa maji, maana ungekuwa karibu yangu ningekufinya.

Majina nimebadilisha. Mambo yenyewe sikuyabadilisha, na nitakueleza kwa nini baadaye.

Kwanza nikupe haki yako. Kwenda kucheza kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yako si dhambi. Betri kufa si dhambi, zinakufa hata za wachungaji. Na hao wa yadi wana lao la kujibu, mteja hatolewi gereji na waya umeshikizwa kisha akaambiwa atarudi wiki ijayo, gari ndilo linalobeba watoto. Wewe na mumeo mtakwenda pale pamoja, mtadai betri inayolingana na gari lenu na kazi iliyokamilika, na msitoke mpaka waimalize. Hilo ndilo jambo jepesi katika barua yako yote.

Zito ni hili. Wewe unajua tangu siku ya kwanza kwa nini ile honi ililia. Fundi alikwambia kwa mdomo wake kwamba umeme utakusumbua, ukakusumbua, na ukatazama mzee wa watu akibebeshwa uchawi huku umeshika sinia. Nakuonea huruma kwa hofu yako, mume mkali wa maneno nimemjua na mimi, lakini huruma yangu haifiki hapo. Mtoto wako alikuwa mle garini kwenye malori. Hata siku ile ulirudi nyumbani ukanyamaza, na ule waya bado umelegea mpaka leo ninapokuandikia.

Sasa hiyo hila yako ya kulitengeneza gari kwa siri. Hebu tulia uifikirie vizuri. Gari likipona kabla ya mwisho wa mwezi, Nguma atasema nini? Atasema mzee ameogopa shoka, amefungua alichofunga. Likipona baada ya kiapo, atasema shoka limefanya kazi. Vyovyote vile utakuwa umewapa ushahidi ambao hata sasa hawana, na utakuwa umeuleta wewe mwenyewe kutoka gereji. Kisha siku Velma akipata homa, watajua mlango wa kwenda kuugonga. Sihitaji kukueleza wazee wenye mvi hufanywa nini huko bara wakishapewa jina hilo, wewe ni mtu wa huko na unayajua kuliko mimi. Waya ukikazwa na mdomo wako ukabaki umefungwa, baba mkwe wako hana salama.

Kwa hiyo utasema, na utasema leo. Usimwambie Nzai peke yake chumbani, kwa sababu ya chumbani huzimwa chumbani. Mpigie mchungaji wako aje jioni, Nguma naye awepo, kama amerudi Kaloleni basi awe kwenye simu asikie. Watoe nje wote mpaka kwenye gari. Fungua buti, funua lile zulia, waonyeshe betri, wautikise ule waya kwa mikono yao wenyewe, kisha simama wima useme: mimi ndiye niliyelitoa gari, mimi ndiye niliyelipeleka yadi, fundi anaitwa fulani, mpigieni simu sasa hivi. Usianze na machozi. Machozi yatakuja, lakini yasitangulie maneno, maana watakubembeleza na neno litapotea.

Gari lisitoke hapo nyumbani mpaka yadi watume mtu aukaze ule waya, ndipo mlipeleke kwao. Velma asipande humo kabisa.

Kama baada ya hayo Nguma bado atang'ang'ania kiapo, usibishane naye. Mchukue mzee mvuke feri, mpeleke kwa Selpher, huyo dada aliyefaidi muziki wa gari na afaidi na mgeni. Kisha nenda kwa chifu na polisi, uwaambie kuna watu wanapanga kumchoma mzee mikono kwa kumwita mchawi. Ni kosa kwa sheria na wanalijua, waulize wakwambie.

Unaniuliza kama Nzai atakuacha. Sijui. Huenda akakuacha, sitakudanganya ili ulale. Huenda akanuna mwezi mzima kisha akaona haya, kwa kuwa na yeye ana la kuonea haya, amekubali babake aitwe mchawi kwa ajili ya gari. Lakini ukiachwa utakuwa na mikono mizima ya kufanyia kazi. Na usifikiri utaweza kungoja, ndiyo maana sikubadilisha mambo. Magari yanayojipigia honi Port Reitz si mengi, gazeti hili majirani zako wananunua, na wameshachungulia dirishani usiku wakalisikia. Nzai ama atausikia ukweli kwako, ama atausoma kwa watu.

Namalizia na neno moja ambalo umeliandika wewe na hukulisoma. Umeandika kwamba uzee umemsahaulisha. Mwanangu, mzee huyo hakuoni lakini aligeuza uso palepale ulipokuwa umesimama. Yeye ndiye aliyekutuma ukacheze. Yeye ndiye aliyeahidi kukufichia, na geti alilifungua kwa mkono wake. Nguma alipouliza, lilikuwa jambo la neno moja tu, na neno hilo lingemwokoa yeye likakuvunjia wewe nyumba. Akalimeza. Akasema haoni.

Hakusahau, bibi. Anakwenda kuchomwa viganja ili wewe usiachwe, na amekaa barazani anashukuru chakula chako.

Ukimaliza kusoma hapa, toka nje. Mshike huo mkono, umwingize ndani, umkalishe mezani. Kisha mwite mumeo.