Majani ya Kijani Kwenye Saa ya Kaka

Jumatatu, 9 Juni

Ulikuwa wapi, we bibi? Tangu masika yaanze hujafungua daftari hili. Hakuna mwingine anayesoma haya, ni wewe peke yako, na bado unajikimbia. Huna haya. Shule hukwenda, umeshika kalamu ukubwani kwenye kisomo cha watu wazima, halafu unaiacha ikauke.

Haya. Nachambua mchele huku naandika. Jumamosi Zuhura anaolewa. Mtoto wa binti yangu, nimemlea mimi hapa hapa Kilakala. Nimesugua kila kinachong'aa humu ndani. Masufuria, masinia, birika. Wageni wakija wajione sura zao.

Saa ya kaka Kobelo imefika. Ameituma kutoka Mgeta na dereva wa lori la kabichi, imefungwa ndani ya soksi. Soksi chafu. Saa yenyewe ya dhahabu, ya mkononi, ya zamani sana. Mgiriki mwenye shamba la mkonge alimpa siku anarudi kwao, kaka alikuwa fundi wake wa mitambo. Ya mraba, pembe zimekatwa. Kasha lote lina maua meusi yaliyochimbwa, na panaposhika mkanda pamejisokota kama mikia. Wanawe waliitaka. Kaka akawakatalia: ninyi ni wa ukoo wa mama yenu, hii inakwenda kwa watoto wa dada yangu. Jumamosi atamvalisha Zuhura mbele ya watu.

Nimeimba. Sauti mbaya, lakini nimeimba.

Jumanne, 10 Juni

Nimeharibu.

Nilidhani ni uchafu umenasa kwenye yale maua. Nani anampa bibi harusi kitu chenye masizi? Nikachukua majivu, limau na makumbi ya nazi, nikaisugua kama sufuria. Weusi ukatoka. Nikafurahi, nikaongeza majivu. Weusi wote ukatoka, maua yamegeuka kijani. Nimeichuna rangi saa ya kaka.

Bado inatembea. Nimeiweka sikioni mara nyingi, inatembea. Lakini kaka hatauliza kama inatembea. Ataona.

Na kaka akikasirika hakai. Baba yake Zuhura atamwozesha, sawa, lakini kwetu Waluguru mjomba wa ukoo asipokaa kwenye mkeka, nani atagusa chakula? Pilau nitampa nani, kuku?

Sijala.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda mjini kwa Salumu, fundi saa. Ameweka kile kioo chake jichoni, ameigeuza na kuigeuza mpaka nikataka kumpiga. Kisha akauliza nimeioshea nini. Majivu, nikamwambia.

"Bibi, ungechukua na jiwe kabisa."

Namtukana moyoni, yeye anacheka. Kumbe weusi haukuwa rangi. Grisi. Grisi ya mitambo ya mkonge, imeingia kwenye mikato, ikaganda, ikawa kama imechorwa. Kijani ndiyo rangi yenyewe, ya kioo kilichochomwa motoni juu ya dhahabu. Na si maua, ni majani. Salumu anasema ya mzabibu, kwa sababu ya ile mikia inayojisokota. Mzabibu nauona wapi mimi. Hayo ni majani ya njegere, na hiyo mikia ni ya njegere inatafuta mti wa kushika. Tumebishana mpaka mteja mwingine akaondoka.

Amenikataza kuisugua tena. Dhahabu laini, anasema, ukiendelea mikato inafutika unabaki na kisahani. Mimi nilijua uzuri ni kung'aa tu. Kumbe uzuri wake uko kwenye vishimo.

Nimerudi nimenyooka. Zuhura ameiona, akaigeuza mwangani, majani yakawaka. Tumekumbatiana tukaanguka juu ya gunia la vitunguu.

Alhamisi, 12 Juni

Kaka ameshuka. Shikamoo, marahaba, maji ya kunywa, kisha nikamwonyesha saa. Nilijua atacheka.

Hakucheka. Ameitazama mbali na macho, ameitazama karibu.

"Hii si saa yangu. We Mwajuma, umebadilishiwa."

Nimeeleza grisi, majivu, fundi. Amezidi kukasirika. Eti fundi kanionea uzee, kachukua ya maua meusi kanipa ya majani. Yeye hawezi kusimama mbele ya ukoo kumvalisha mtoto kitu cha sokoni. Kesho anapanda lori arudi Mgeta.

Nimemwambia ana kichwa cha mbuzi. Si vizuri kumwambia kaka mkubwa hivyo. Nimemwambia tena.

Binti yangu analia jikoni, anasingizia vitunguu.  

Ijumaa, 13 Juni

Asubuhi kaka amekaa barazani, kofia kichwani, mfuko miguuni, anangoja lori. Mimi nafagia mahali pamoja tu ili nimwone.

Zuhura akatoka. Hakubembeleza. Akapiga magoti, akamfunga ile saa mkononi.

"Babu, niangalizie tu saa ngapi. Kisha nakuvua, uende."

Kaka akainua mkono. Kidole gumba chake kikaenda chenyewe kwenye pembe ya kasha, kama mtu anayejikuna bila kujua. Kikazunguka. Kikasimama. Akakirudisha, kikasimama palepale. Akafumba macho.

"Hapa nilipagonga na spana," akasema. "Mgiriki hata mwezi alikuwa hajamaliza tangu aondoke."

Nikatupa ufagio, nikaenda kuona. Kweli. Jani la pembeni limekosa ncha.

Kaka akaanza kucheka. Kicheko cha tumboni, kofia ikaanguka. Miaka yote amevaa shamba mkononi, hajui. Akaniuliza haya ni majani ya nini. Nikamwambia, wewe mkulima wa Mgeta, sema wewe. Akasogeza mkono karibu na pua.

"Njegere."

Salumu angekuwepo ningemzomea. Lori limepiga honi barabarani, hakuna aliyegeuka. Mfuko nimeuingiza ndani mimi mwenyewe.

Jumamosi, 14 Juni

Kaka amekaa kwenye mkeka. Amemvalisha. Mkanda mkubwa, ametoboa tundu jingine kwa msumari. Watu wamekula wakalala. Nimecheza mpaka goti limegoma. Sina zaidi.

Jumapili, 15 Juni

Nyumba kimya. Zuhura yuko kwa mumewe, kule Mzinga. Masinia ya watu bado hapa, watakuja kuchukua.

Kaka hajaondoka. Mkononi amebaki na alama nyeupe ya mraba. Kila mara anaitazama, kisha ananiuliza saa ngapi. Namwambia chai ikiiva atajua. Tumekaa barazani tunamenya maharage. Nampenda, na kichwa chake cha mbuzi.

Zuhura anakuja kutuamkia Ijumaa. Wewe bibi, usifungue hapa kabla. Fungua akishaondoka, ukiwa umeushika mkono wake na kuona kama saa inambana au inacheza. Andika hilo kwanza, mengine baadaye.