Amri Niliyompa Mjomba Sateki

Jumanne, 8 Agosti

Tulimzika Bibi wiki iliyopita. Waombolezaji wamekwisha kurudi Nuku'alofa na kwingineko. Mjomba Sateki hajarudi hata nyumbani. Anashinda kaburini, juu ya mchanga mweupe, na mkeka wa msiba aliojifunga kiunoni umempanda hadi kifuani. Anazungumza na mama yake.

Nimempelekea chai. Nikamwambia Bibi alikuwa na miaka tisini na mitatu, alikwisha kushiba siku zake. Maneno ya kila mtu.

"Aliyeshiba ni yeye," akasema. "Mimi je?"

Nikamwachia kikombe, nikaenda kazini. Ofisini nimekosea tarehe katika barua mbili.

Jumatano, 9 Agosti

Mkaza mjomba Ilaisaane amekuja ofisini, akaniinamia mezani kwa minong'ono. Mjomba hali. Halali. Tena anaitikia — "Naam, mama" — wala hakuna aliyeita! Mchungaji amesema naye, kaka zake wamesema naye. Bure. Nimebaki mimi, mtoto wa dada yake. Fahu wake, kwa mila yetu. Fahu akitaka, mjomba hutoa. Fahu akisema, mjomba hutii.

Nikamwambia siwezi kumwamuru mzee wa miaka sitini.

"Vyetu umechukua vyote, Lupe, hata jogoo," akasema. "Chukua basi na hii huzuni."

Bosi alikuwa anasikiliza.

Ijumaa, 11 Agosti

Nimekwenda kaburini baada ya kazi. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri ya faraja, nikayasema yote. Alinisikiliza kwa heshima. Halafu akageuza kichwa ghafla, kama mtu aliyeitwa kutoka jikoni. "Naam, mama."

Mimi sikusikia kitu. Popo tu mitini.

Hofu ndiyo iliyosema, si mimi: "Mjomba, basi. Kuanzia sasa usilie. Usimwitikie tena. Inuka ukale."

Akainuka papo hapo. Akakung'uta mchanga. Akanifuata.

Jumamosi, 12 Agosti

Amekula kiazi kikuu, na majani ya magimbi kwa nyama ya kopo. Ilaisaane amenibusu mkono. Ningefurahi — lakini halii. Jioni tulipoimba nyimbo za msiba, kila mtu alitokwa na machozi. Yeye aliziba mdomo kwa kiganja, shingo imemvimba, akawa ananitazama mimi. Kama mtoto anayeomba ruhusa ya kutoka nje.

Nikamuuliza Ilaisaane kama niitengue amri, nimfungulie. Akasema nikimfungulia atarudi kaburini, na safari hii hatainuka. Mama yangu naye anasema nisubiri. Nisubiri nini?

Jumapili, 13 Agosti

Tumetoka kanisani, tumekula, wote wamelala. Mjomba amekuja hapa kwetu. Ameketi kwenye kizingiti, chini, ili kichwa chake kisizidi changu. Anasema mama yake alimwita wakati wa sala, akamwita tena njiani. Hakuitikia. Ameshika neno langu.

"Sasa amenuna," akasema. Taratibu, bila lawama. "Anauliza ni nani aliyenikataza." Akajipangusa magoti. "Nimtaje, mpwa wangu?"

Nimesema naenda kumletea maji. Nimekuja chumbani, ninaandika. Mgongo wake ninauona kutoka hapa, na mkeka ule. Nikisema asinitaje, nimemfunga zaidi. Nikisema amwitikie, nimempeleka kaburini kwa kinywa changu. Nikisema anitaje —

Ameinamisha kichwa upande. Anasikiliza. Hajajibu. Amegeuka, ananitazama, anangoja niseme.