Ulivyonisomesha Kati ya Michai

Mpendwa Baba,

Tangu tukuzike nina neno linalonikaa rohoni. Mimi nilikushuku, tena sana.

Kila Jumamosi tulirudi kuchuma kwenye michai ile ile hapa Litein, maana ukiiacha wiki mbili majani yanakomaa na kituoni wanakopima chai wanayakataa. Na kila tukirudi, ulikuwa unaniuliza yale ya darasani niliyokueleza Jumamosi iliyopita. Moyo una vyumba vingapi? Damu inaingilia wapi? Nikajiambia, huyu mzee haamini kama naingia darasani. Nilishuku hata mwalimu anakupelekea habari zangu. Siku moja nikakudanganya makusudi, nikasema vyumba vitatu, nione kama unajua. Uliacha kuchuma ukanitazama.

"Chebet, wiki jana vilikuwa vinne. Kimoja kimeenda wapi?"

Nilinuna mpaka kituoni. Tangu hapo nikawa napitia noti zangu kila Ijumaa, kwa hasira tu, ili usinipate tena.

Sasa niko chuo cha uuguzi, na mwezi uliopita nilishukiwa mimi. Mwalimu alisema majibu yangu yanafanana mno na noti, kwa hivyo lazima niliingia na karatasi ya majibu kwenye mtihani. Ningefukuzwa, Baba. Aliniketisha ofisini mikono mitupu, akauliza swali baada ya swali, nami nikajibu nikijiona niko pale shambani, wewe mstari wa pili, kikapu mgongoni. Saa nzima. Mwishowe akasema niende darasani. Msamaha hakuomba, na mimi bado simwamini.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia Mama, nikasema kumbe ilinisaidia wewe kutoniamini. Mama alinishangaa.

"Nani hakukuamini? Baba yako alikuwa ananifundisha mimi. Kila Jumamosi tukishakula ananieleza yote uliyomwambia. Nikimuuliza kitu hajui, anasema ngoja, nitamuuliza Chebet tena."

Akakusanya vikombe polepole. Halafu akasema mlikuwa mmefika kwenye figo, ukaugua.

Nililia, Baba. Miaka yote hiyo nilidhani unanichunguza, na wewe ulikuwa unasoma. Nisamehe.

Jana tulikuwa shambani, mimi na Mama, nikamweleza figo mpaka mwisho. Jumamosi ijayo nitamuuliza.

Pumzika salama.

Binti yako,
Chebet