Majibu Yako Yamekuja, Mwalimu Majimoto

Mwaka umetimia, Baba Obadia, tangu utuache hapa nyumbani Chiola. Mwaka jana tulilia tu. Leo tunakuandikia tukiwa tumeshusha pumzi.

Miaka ishirini na sita ulifundisha kemia Ruangwa, na ulipostaafu ukarudi kuchoma maganda ya korosho uani. Moshi wake uliwafukuza kuku na majirani. Makaa yale, ulisema, yana vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Ukiyatia chembe za bati na umeme kidogo wa sola, yanaigeuza hewa ukaa kuwa asidi yenye kazi viwandani, ileile ya majimoto, wale sisimizi wekundu wanaotuuma juu ya mikorosho. Mtaa mzima ukakuita Mwalimu Majimoto, nawe ukaitika.

Ulikuwa mpole. Mwanafunzi akikosea ulimwambia, "Umekaribia," hata kama yeye yuko Mandawa na jibu liko Chinongwe.

Lakini uliondoka na donda moyoni. Mtaalamu mmoja uliyempelekea vipimo vyako alisema ni vizuri mno, kwamba umepika namba. Ukamwomba ayapime makaa yenyewe. Kabla hujayatuma, moyo wako ukasimama. Na sisi, tusamehe Baba, siku ya mazishi tukayachemshia chai ya waombolezaji, gunia zima. "Mie nimeona makaa, nikajua makaa," alisema Mama. Tuliona aibu sana.

Likabaki daftari lako. Tulizoea kukucheka kwa kuandika kila kitu: dakika za kuchoma, maji ya kuoshea, hata siku iliyonyesha mvua. Binti yako Eva alilifuata mstari kwa mstari. Mara mbili akaharibu, ya tatu akapeleka maabara Dar es Salaam. Mwezi uliopita wamejibu: asidi imepatikana, na kiwango ni kilekile ulichoandika. Yule mtaalamu amepiga simu mwenyewe kuomba radhi.

Mama alipoambiwa alikaa chini kwanza. Kisha akasema, "Haya. Sasa mwacheni alale."

Unakumbukwa na mkeo Domitila, wanao Eva na Fidel, dada yako Bibie wa Chinongwe, wajukuu, na wanafunzi wako wa Ruangwa waliotawanyika kila mahali.

Daima tutakukumbuka, Baba, na sasa tunalitaja jina lako bila kuinamisha macho.