Matofali yenye kukataa kugawanyika

Mujukuu wangu Masika,

Hapa Butembo tuko muzima. Mama yako amevuna viazi. Mimi nyanya yako magoti inauma, mais mudomo hapana. Unaandika kwamba mwalimu wa Kisangani amekupa 1009, namba yenye kukataa kugawanyika, na unauliza, "Mukaka, inasaidia nani?" Swali ya buvivu! Ilisaidia mutu.

Wakati wa vita nilikuwa Beni, ningali na nguvu. Tulichoma matofali ya kujenga kanisa, tukahesabu 1009. Kavira, mama mukimbizi wa Manguredjipa, alilala pale na batoto kuyachunga. Kapita, musimamizi wa kazi, akakuta karatasi ya hesabu yetu imepotea, hakuamini 1009 ya mudomo, akapanga matofali mistari ya saba saba. Ikabaki moja. Kwake, mustari isiyojaa ni bwizi.

"Inakosa sita! Kavira, ondoka leo na batoto yako!"

Nikamuambia, "Papa kapita, panga nane nane." Ikabaki moja.

"Aliiba saba!"

Tukapanga tisa tisa. Ikabaki moja tena.

"Aliiba nane," akasema, mais sauti imepunguka.

"Donc, ni kusema anazidi kuiba mbele ya macho yetu, na amekaa pale ananyonyesha?" nikauliza.

Batu bakacheka, kapita naye akacheka. Kavira akabaki.

Masika, kitu kikikataa mistari yako, usikilaumu mbio. Kama Kavira angeiba tofali moja tu, yangebaki 1008: saba saba, nane nane na tisa tisa zote zingejaa vizuri, na kapita angemusifu.

Mukaka wako